Wadandiaji wa Mzee Feliksi

Ujiji, 11 Mei 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Sijui nyinyi huko kambini Nyarugusu mnaendeleaje, na kikohozi cha Heritier kimefikia wapi. Mimi nalala vizuri, ila kula kumekuwa kazi. Sababu yake naona aibu kuisema kwa mdomo, bora niiandike.

Mzee Feliksi, mume wa Shangazi, ameweka tangi la kioo sebuleni. Si la samaki wa ziwa. Hao, anasema, kila mtu Ujiji anao kwenye sahani. Anataka wa baharini. Samaki wenyewe watakuja na treni mwezi ujao. Kwanza yamekuja mapipa ya maji ya chumvi, na mawe ya baharini, kutoka Dar es Salaam. Mawe hayo yalikaa kidogo tu yakaanza kutoa wapangaji.

Kuna mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu, rangi ya nyama iliyolala, ubavuni ana manyoya meupe. Kuna kitu kama ua la kioo. Ukikigusa kinajivuta ndani kama kamasi. Kuna konokono asiye na nyumba, anapita kiooni akiacha ute. Mzee Feliksi ana kitabu chenye picha zao, ila ni cha Kifaransa, na hapa anayekijua ni mimi tu, ndiyo maana kazi imeniangukia. Namsomea, namwambia huyu ni nani na yule ni nani, halafu nawatoa kwa kibano.

“Hao ni wadandiaji,” anasema. “Wamepanda treni yangu bila tiketi.”

Shangazi akadakia kutoka jikoni, “Nyumba hii ina wadandiaji wengi, si wa kwenye maji tu.”

Nilikuwa nimeshika kipande cha pili cha muhogo. Nikakirudisha.

Mwanao,
Elida

Nyarugusu, 24 Mei 1998

Kwako Elida,

Salamu nyingi mwanangu. Mimi mzima, miguu tu ndiyo inayonisumbua. Heritier bado. Vumbi la kiangazi limeanza kuingia hemani, anakohoa mpaka majirani wanaamka.

Umeniandikia mnyoo ukurasa mzima, lakini lile nililokutuma sijaliona. Umemwomba Mzee Feliksi amchukue huyu mdogo wako, au bado? Haya zako nazijua. Mgeni akikusalimu tu, ulikuwa unajificha nyuma ya kitenge changu. Sasa kitenge kiko huku. Mwombe.

Na hao wadudu usiwaonee kinyaa mbele ya watu. Ukikunja pua watasema unadeka, watakurudisha, na mwenzako hatapata pa kwenda.

Mama yako

Ujiji, 9 Juni 1998

Mama,

Shikamoo. Natumaini miguu imepoa.

Kinyaa nilikimeza kama ulivyosema. Nimetoa minyoo huku natabasamu. Ila ombi nalo nililimeza. Kila nikifungua mdomo niombe, natoa jina la mdudu.

Kitabu kinasema yule mnyoo wa manyoya si mbaya, anakula mizoga na mabaki, aachwe. Nilimwambia Mzee Feliksi. Akasema, “Aliyeandika hivyo hajawahi kula wali karibu naye. Toa.”

Jumapili walikuja wageni kutazama tangi. Niliitwa niwaonyeshe. Nikageuza jiwe. Chini yake kulikuwa na kaa mdogo amekufa, minyoo wanamwingia jichoni na kutokea tumboni, na manyoya yao yanacheza. Mmoja akapanda kibano mpaka kidoleni kwangu. Manyoya yakabaki kwenye ngozi, yanachoma kama upupu.

Nikatapika, Mama. Kwenye zulia la Shangazi, chai na maandazi, mbele ya mke wa mwenyekiti wa mtaa.

Mzee Feliksi akatazama zulia, akatazama tangi. “Sasa hawa atanitolea nani, na samaki wako njiani?”

“Heritier,” nikasema. Sikupanga. Jina lilitoka pamoja na andazi.

“Heritier ndiye nani?”

“Mdogo wangu. Yeye haoni kinyaa. Kwetu alikuwa anang'oa kupe wa mbuzi, anawapasua kwa kucha, halafu anakula ugali kwa mkono uleule.”

Mke wa mwenyekiti akaweka andazi lake chini. Mzee Feliksi akacheka mpaka akashika kiti. Shangazi hakucheka. Alinitupia tambara, akasema, “Aje. Ila zulia utafua wewe. Na asije na wadudu wake, hawa wanatutosha.”

Kidole bado kimevimba. Mwambie asiwaguse kwa mkono mtupu.

Mwanao,
Elida

Nyarugusu, 20 Juni 1998

Mwanangu Elida,

Salamu. Anayekupa barua hii ndiye huyo. Kibali chake cha kutoka kambini kiko mfuko wa shati, kisilowe. Anywe maji ya moto jioni.

Maneno ya Shangazi nimeyaelewa. Nimemnyoa kipara, amelia sana. Nguo zake nimezichemsha kwenye sufuria ya maharage, maana nyingine sina. Maharage yaliyofuata tuliyala tumefumba macho. Lakini chawa wa hapa ni wagumu, wanajificha kwenye mishono. Nimetafuta mpaka macho yakaniuma. Shati ni safi. Kaptura sina uhakika nayo.

Kabla hajaingia sebuleni, mpitishe nyuma ya nyumba umkague. Ukimkuta mmoja aliyedandia, mpasue kwa kucha, kimyakimya, Shangazi asikuone.

Usitapike.

Mama yako