Wageni wa Wiki Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Wanafunzi wako mtaani Makindye tangu asubuhi. Nimewagawa majumbani kama kila mwaka. Chuo kimeniajiri kwa hilo: kuwapokea vijana wa ng'ambo waje wajifunze kwa kuwatumikia watu. Hanna, anayesomea tiba ya viungo, nimempeleka kwa mzee Okello. Mwanajeshi mstaafu. Kiharusi kimempooza upande wa kushoto.

Jumatano, 19 Juni
Mzee amesimama. Hanna kamshika kiunoni, akasimama. Mkewe, Mama Achola, alilia. Nami pia.

Ijumaa, 21 Juni
Wameondoka. Soda, keki, picha. Hanna alimwahidi mzee kwamba atarudi. Hajui kama atarudi.

Alhamisi, 27 Juni
Mzee ameanguka. Kila asubuhi alikuwa akimngoja Hanna. Leo akajaribu kusimama peke yake. Bega limeteguka. Mama Achola hakupandisha sauti.
"Madamu, usiletee sisi tena mtu ya kuondoka."


Jumanne, 2 Julai
Kikao chuoni. Nimesema kundi la Agosti lisije mpaka tukae na familia, tukubaliane upya. Mkuu wangu akanikumbusha, polepole, kwamba mimi ni Mkenya na kibali changu cha kazi hupitia mezani kwake. Naogopa. Sikulifuta neno langu.

Jumatatu, 8 Julai
Profesa wa akina Hanna amepiga simu. Nilijua ndio mwisho wangu. Kumbe anauliza familia zinataka nini. Nikamwambia asiniulize mimi. Nikaenda Makindye, nikampa Mama Achola simu, nikawa mkalimani. Anataka afundishwe yeye mwenyewe namna ya kumshika mumewe. Na kila mgeni afuatane na mwanafunzi wa hapa, atakayebaki. Profesa akakubali. Agosti imeahirishwa. Mkuu hanisemeshi.

Ijumaa, 19 Julai
Nimempeleka Namutebi, mwanafunzi wetu wa tiba ya viungo. Mzee akageukia ukutani. Hatukumlazimisha. Mama Achola akaleta chai, tukanywa. Mvua kidogo, ikaacha.
Baadaye mzee akauliza, bado anatazama ukuta:
"Wewe nakaa wapi?"
"Mengo, mzee."
Akafikiri.
"Mengo iko hapa tu."
Akavuta blanketi kando kwa mkono wake mzima, mguu wa kushoto ukabaki wazi. Namutebi akamwita Mama Achola asogee, aweke mikono yake kwanza.