Alikotoka Bibi Yetu

Shela, Malindi
9 Machi 1986

Mpendwa mdogo wangu Harusi,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na magoti yamekupa nafuu. Hapa moyo wangu umechoka. Daktari hasemi kitu, nami simwulizi. Alhamdulillahi, akili bado ninayo.

Mjukuu wangu Hindu amekuja likizo kutoka chuo kikuu na kinasa sauti. Anawazungukia jamaa, akirekodi habari za wazee wetu. Jana ilikuwa zamu yangu. Akanikalisha mbele ya mashine, akasema, "Haya mume wangu, leo hakuna kukwepa. Bibi yako mzaa baba alitoka wapi?"

"Siyu," nikajibu.

"Siyu mtaa gani? Nyumba ya nani?"

Nikajitia kurekebisha kofia. Akaangua kicheko. "Nyote mwasema Siyu, na hakuna ajuaye hata mlango mmoja! Siyu gani hiyo isiyo na shangazi?"

Nikasingizia kikohozi, akazima mashine.

Harusi, sitaki kuzikwa na jambo hili. Utotoni nilifuatana na bibi sokoni. Mwanamke mmoja wa Kigiriama aliyeuza tumbaku akamkazia macho, kisha akaita, "Kanze!" Bibi akamjibu kwa Kigiriama, maneno mengi, wameshikana mikono, wanalia na kucheka. Njiani akanieleza kuwa kwao ni Vitengeni. Mwaka wa njaa baba yake alimweka rehani hapa mjini kwa mahindi, asije tena kumkomboa. Akaniapisha nisiseme, watu wasije wakatudharau. Nimeishika ahadi hiyo maisha yangu yote.

Lakini wale ambao wangetudharau wamekwisha kufa, na huko Vitengeni huenda wako wajukuu wa ndugu zake wanaojiuliza Kanze alipotelea wapi. Keshokutwa, nikijaliwa, nitamwambia Hindu awashe mashine niseme yote. Nimeona heri wewe ujue kwanza.

Kisha kuna swali, tangu jana haliniachi. Umeolewa Lamu tangu ujana wako, na Siyu ni jirani. Hukupata hata siku moja kwenda kuwatafuta jamaa za bibi. Nawe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja. Je, alikuapisha na wewe?

Nisalimie mwanao Gharib na mkewe. Mola akuhifadhi, na atukutanishe penye kheri, hapa au huko.

Ndugu yako asiyechoka kukupenda,
Mahdi