Udongo wa Kichuguu Bandani

Shuleni, Kisarawe

Mjukuu wangu Yohana,

Marahaba. Najua ulicheka ulipoiandika hiyo shikamoo, maana umenizidi kimo, lakini mimi ni mdogo wake bibi yako, na ubabu wangu hauna mjadala. Huku tu wazima. Tumefurahi kusikia mama yako ni mjamzito tena.

Unasema tangu baba yako asakafie banda kwa saruji, vitoto vya nguruwe vinaharisha na kukonda, nawe unaogopa vitakufa. Mwaka jana vya hapa shuleni vilikuwa hivyohivyo, vimepauka mpaka masikio, na mwalimu alikwisha kata tamaa. Nikamkumbuka mama yako na mimba yake iliyopita, alivyokuwa akitafuna udongo wa kichuguu na kusema unamwongezea damu. Niliona haya kulisema hilo darasani. Nikaenda kuchimba bonge la udongo mwekundu, nikalitupia bandani.

“We Elia,” wenzangu wakapiga kelele, “kwani hao nao wana mimba?”

Vitoto vililigombania bonge lile mpaka likaisha. Nikaendelea kuvipelekea, na baada ya siku chache vikawa vinakimbizana. Nadhani sakafu yetu safi ilikuwa imevinyima kitu ambacho porini mama yao angevifukulia.

Basi jaribu, ila uchimbe mbali na samadi. Ukikosa kichuguu, mwombe mama yako akugawie udongo wake. Akikataa, mwambie babu ameagiza.

Ni mimi babu yako,
Elia