Masasi ya Vuhovi

Butembo, Jumatano jioni

Kwako Yaya Monique mupendwa, kule Beni,

Nakusalimia na roho yote, wewe na shemeji Henri na batoto. Natumaini hii barua inakukuta na nguvu, na kikohozi ya Élodie ilishakwisha. Sisi huku tunapumua, Mungu Nyamuhanga asifiwe. Mvua iko mingi, matope inafika kwa magoti na magari zinavunjika kila siku, donc kwa garage kazi haikosi. Mama anakula muzuri. Mguu ingali imefungwa ndani ya plâtre, mais hata vile vidole vinacheza na muganga anasema mufupa unashikana.

Utashangaa sababu gani nakuandikia kama mutu wa zamani, na simu iko. Yaya, kwa simu mama anakuwaka pembeni yangu. Na mimi najijua: nikisikia sauti yako nitaanza mizaha, nitauliza habari ya kakao na mvua ya Beni, halafu tutaagana bila mimi kusema kitu. Ndiyo maana nampa Éphraïm, ule chauffeur jirani yetu, hii barua akuletee mu mukono. Uisome peke yako kwanza. Na uisome mbele ya Jumamosi, mbele ya kutia signature kwa ile mambo ya shamba.

Nakumbuka maneno yako: tumuuzie Mzee Mathe shamba ya Vuhovi, kwa sababu masasi ya bunduki ilishafika kule, na mama na ule mguu hawezi tena kukimbia. Famille yote ilikubali. Mimi pia nilitikisa kichwa kwa kukubali. Mama alikubali, mais tangu ile siku haongei tena juu ya maharagi yake. Anaangalia ukuta tu. Unajua tata, baba yetu, amezikwa kule juu, na mama alisemaka siku zote kwamba atalala pembeni yake.

Sasa acha nikuelezee kazi moja ya garage. Vumilia kidogo, utaona inaenda wapi. Lusenge, ule muuzaji wa simenti, alituletea gari yake ya Noah. Échappement, ile bomba ya moshi, ilikuwa imepasuka, inalia mpaka batu wanaziba masikio, na sonde zilikuwa zimekufa. Sonde ni kakitu kadogo kanafungwa ndani ya bomba ya moshi. Kananusa moshi na kuambia moteur, ile injini: essence, ile petroli, imezidi, punguza, ao: imepunguka, ongeza. Ile gari iko nazo mbili. Patron Gérard, mwenye garage, alikuwa amekwenda Kasindi kutafuta pièces za magari, akaniachia kazi yote mimi peke yangu. Yaya, kichwa ilinivimba! Nikasoude bomba, nikaiunga na moto, nikafunga sonde mpya zote mbili, nikawasha, gari ikanguruma taratibu. Patron alitufundishaka: ukimaliza kusoude, upake mayi ya sabuni fasi yote uliyoshona, uangalie kama inatoa povu. Mimi niliona hiyo ni kazi ya banaoanza. Sikupaka.

Kumbe voyant ya moteur, ile taa ya kuonya, ikawaka kwa tableau mbele yangu. Unajua nilifanya nini? Nilikata kipande ya scotch nyeusi ya kubandika, nikaifunika. Hapa mujini mafundi mingi banafanyaka vile, mais hiyo hainipunguzie haya.

Kesho yake asubui nikasema lazima nifanye essai, niijaribu njiani. Essai yetu inaishiaka Rughenda, unageuza unarudi. Mimi nikakamata njia ya Vuhovi. Nilitaka mama, aliyekuwa angali kule, anione nimeshika volant, nimevaa chemise safi, batu baulize: ule si Hénock wa Mama Kaswera? Ni hiyo tu, Yaya. Kiburi.

Kwa ule mutelemuko mbele ya chapelle, kale kanisa kadogo, niliondoa mguu kwa accélérateur, na pale pale nikasikia masasi. Pa! Pa-pa! Karibu sana, nyuma ya mugongo yangu. Halafu sufuria moja ikaanza kupigwa kuonya batu, na unajua sufuria moja ikilia, nyumba zote zinajibu. Filimbi zikalia, bamama bakabeba batoto, batu bakaingia mu migomba. Na mimi, mwanaume muzima, sikushuka kutafuta mama. Niligeuza gari nikakanyaga kurudi Butembo, na kila mutelemuko masasi inanifuata! Nililia, niliita Bikira Maria. Kwa barrière ya njiani niliambia basoda, bale baaskari, kwamba banashambulia Vuhovi, nimeponea kwa Mungu tu. Bakapiga simu mbele yangu. Ni ile saa mama alianguka, akivuka kijito na mutoto wa jirani kwa mugongo. Mutoto hakuumia. Mama ndiye alivunjika.

Jioni, benzangu ya garage bakaenda kanisani kushukuru Mungu juu yangu. Nilibaki peke yangu, nikaingiza Noah ndani ya hangari, nikaachia accélérateur. Pa! Nilitoka mbio nikajitupa chini, nikajificha pembeni ya gurudumu. Hakuna mutu aliyekuja. Na pale chini, pua yangu karibu na bomba, ndipo niliona tundu kwa soudure yangu, ginsi inavuta na kutema moshi.

Yaya, hakukuwa masasi. Hakukuwa batu ya silaha. Ilikuwa mimi na Noah ya Lusenge. Ile tundu ilikuwa mbele tu ya sonde. Upepo ulikuwa unaingia pale, sonde inanusa upepo, inadanganya moteur iongeze essence, na ile yenye kuzidi inapasukia ndani ya bomba. Nilikimbia kazi ya mikono yangu, nikaacha mama nyuma.

Ningesema ile jioni, ingekuwa kichekesho, bangenitania mpaka Noeli basi. Mais siku ya Mungu, Jumapili, Padri aliniita mbele ya batu nitoe ushuhuda. Haya ilinishika, na muoga akishikwa na haya anaongeza uongo. Nilisema bale batu ya silaha niliwaona na macho. Nilisema walivaa makoti meusi. Makoti, Yaya! Yalitoka wapi, sijui. Bamama ya Vuhovi, bale banaolala kwa jamaa hapa mujini na maharagi inaoza shambani, balilia juu yangu, bakanishika mikono. Banasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka kwa kitanda ya mama.

Nimemwambia Patron. Alinikaripia vile nilistahili, na tumesoude upya na kupaka sabuni. Lusenge pia anajua. Na leo asubui nilipiga magoti mbele ya mama, nikamwambia yote, tangu sabuni mpaka makoti. Alinisikiliza vizuri, hakunikata hata neno. Kisha akanishika kichwa na mikono mbili, akaniambia wasingya, asante, mwana wangu, kwa vile natafuta kumutoa woga ili arudi kwetu. Niko na roho nzuri kama ya tata. Mais nisijisumbue kutunga hadithi ya gari. Bale batu ya makoti meusi, yeye mwenyewe aliwaona, balipita karibu yake pale kwa kijito.

Niliapa. Nililia. Alinipangusa machozi na kitambaa yake, akaniuliza kama nimekula.

Yaya, mama haniamini. Siku ya Mungu nitasimama mbele ya bale bale batu, niseme, banicheke ao banipige, ni haki yao. Mais shamba inauzwa Jumamosi, na wewe tu ndiye unaweza kuisimamisha. Usitie signature. Uniamini wewe, hata kama sistahili.

Umusalimie shemeji, na ikibidi asome hii barua, asome wakati mimi siko karibu. Ubusu batoto. Mama anakutumia salamu. Hajui nakuandikia nini. Mungu akulinde kwa njia kama unakuja.

Ni mimi mudogo wako, mwenye haya,

Hénock