Gari Lililopeleka Maji

Kambu,
Septemba 1993

Kwako kaka yangu mpendwa, Bwana Nzuki,

Pokea salamu zilizo nzito kuliko karatasi hii, ambayo nimemkabidhi utingo wa basi ili ikufikie upesi. Natumaini u mzima huko Mombasa, pamoja na shemeji Kaluki na watoto. Sisi huku tunapumua. Sithubutu kuandika kwamba tu wazima.

Nasikitika kukuarifu kwamba mdogo wetu Mbuvi amefukiwa katika shimo alimokuwa akichimba vito, kilimani juu ya Kambu. Mwamba uliacha upenyo mwembamba usiopitika na mtu. Tulimsikia akisema kwamba mguu umebanwa, lakini kiu ndiyo inayomtesa zaidi. Wachimbaji wakaanza kuuvunja mwamba polepole, maana kila pigo la nyundo liliangusha mawe mengine.

Hapo nikalikumbuka gari la kuchezea liongozwalo kwa mawimbi ya redio, ulilowaletea wanangu Krismasi. Nikafunga chupa ya maji mgongoni mwake, tochi mbele, na nyuma uzi wa katani ambao Mwaitu, mama yetu, alikuwa ameusokotea vikapu vyake vya vyondo, ili tuweze kulivuta lirudi. Lakini kila lilipopanda jiwe, magurudumu ya mbele yaliinuka na usukani ukakosa utii. Niliamuru kushoto, lenyewe likaenda mbele.

Nikateremka kwa Mzee Amin, mziba pancha wa barabarani, kumwomba vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi za magari ili gurudumu lisitetemeke. Alinicheka, akauliza tangu lini fundi wa redio akawa dereva wa panya. Nilipomweleza, alifunga kibanda akapanda kilima pamoja nami. Tulivibandika ndani ya ringi za mbele. Vilipozidi, gari likashindwa kugeuka; tukapunguza kimoja kimoja, sawasawa pande zote, mpaka likainamisha pua juu ya mwamba na kunitii.

Liliingia. Nilipouvuta uzi, chupa ilirudi tupu, imefungwa upya kwa fundo la Mbuvi, lile la kufungia ndama. Wanawake walipiga vigelegele. Mwaitu alimwita Mzee Amin mwanawe, kisha akaketi kusokota uzi mwingine, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umeliwa na mawe.

Sasa, kaka, neno lililonishinda kulitamka. Safari ya pili chupa ilirudi imejaa, na fundo lilikuwa langu, halijaguswa. Nilikuwa nimelala kifudifudi mdomoni mwa shimo, hivyo hakuna aliyeniona nikiyamwaga maji mchangani, ila Mzee Amin, naye akainamisha uso. Nikamwonyesha Mwaitu chupa tupu. Tangu hapo napeleka maji na kuyamwaga. Nadhani wachimbaji wameng'amua, kwa maana nyundo zao sasa zinapigwa kwa heshima tu.

Kwa unyenyekevu nakuomba, wewe uliye kifungua mimba wa Mwaitu, uje umwambie. Ulimi wangu umekufa.

Mwenyewe amenituma nikuombe jambo jingine: ulete betri mpya na chupa kubwa zaidi, kwa kuwa, asema, Mbuvi tangu utotoni hakutosheka na maji kidogo.

Anawasalimu nyote. Ninapoandika haya, anasokota uzi.

Ndimi mdogo wako mtiifu,
Kisilu