Kobe Si Ndizi

Edinburgh, 14 Oktoba 1956

Baba yangu mpendwa,

Pokea heshima zangu, wewe na mama na wote wa Kulesa. Mimi mzima, ingawa baridi ya huku haibishi hodi.

Nimefikia kwa Bi Florence, mama wa Bwana mpimaji wa mto aliyepiga kambi Garsen. Baba, nani amenilaki ukumbini? Kobe yule uliyemwokota shambani kwetu ukamzawadia Bwana huyo akienda likizo. Nimemjua kwa lile pengo la ukingoni mwa gamba, alipotafunwa na fisi.

Sasa Bwana mpimaji amemwagiza mama yake kwa barua kwamba baridi ikianza, kobe atiwe katika kasha la majani makavu, ashushwe chumba cha chini, alale hadi Aprili. Kobe wa Ulaya ndivyo walalavyo. Nilisimama nikasema: "Kobe wa Mto Tana hana msimu wa kulala. Mkimfungia gizani miezi mitano mtakuwa mmemzika." Bi Florence akauliza nimeyasoma wapi hayo. Nikamjibu kwamba sikuyasoma, nimeishi nayo.

Ameniachia nimtunze chumbani mwangu kwa sharti moja: akifa, nitafute makazi kwingine, na nikiri kwamba mwanawe alisema kweli. Nimekubali. Ni mara ngapi, Baba, watu wasiojua tuamkavyo wametuamuru tulale? Katika hili sinyamazi.

Mwanao,
Gershom

Kulesa, 5 Novemba 1956

Mwanangu Gershom,

Barua yako imevuka kivuko cha Garsen ikalowa pembe moja, lakini imesomeka. Tu wazima. Goti la mamako linamsumbua, na mto umeanza kupanda. Wewe je, unakula ukashiba?

Ulipoondoka nilikuambia nini? Mdomo wako ni moto wa makuti: huwaka upesi, na nyumba ya kwanza kuungua ni yako. Bwana mpimaji ndiye aliyekusemea ukapata karatasi za safari. Mimi nikienda kambini kwake husimama nje ya hema, kofia mkononi, na sijapungukiwa na kitu. Mama yake akitaka kobe alale, na alale. Ni kobe wao.

Ila ni kweli kobe wa kwetu hana msimu wa kulala. Hilo hukukosea.

Babako,
Philemon

Edinburgh, 24 Novemba 1956

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa unyenyekevu usiouzoea kwangu. Goti la mama linaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo hauko sawa.

Theluji ilipoanguka nilitafuta njia ya kumpa kobe joto, nikakumbuka shimo la mama la kuivishia ndizi. Nikafanya vivyo hivyo: nikatandika chupa za maji ya moto chini ya kasha, majani juu yake, kobe juu ya majani, kisha nikafunika kwa blanketi zito pasiwe na upenyo. Nilijisifu. Leo ni siku ya nne: macho yamefumba, miguu imelegea, chakula hakigusi. Bi Florence aliinua blanketi, akatazama, akasema tu, "Kule chini angalau angelala kwa amani."

Mimi ninayehutubia wanafunzi wenzangu mia mbili juu ya haki ya watu kujitawala, nimeshindwa na kobe mmoja wa kwetu. Nimekwisha kuliondoa blanketi, nimemsogeza karibu na moto wa mekoni. Nionyeshe kosa langu, Baba. Usinihurumie.

Mwanao,
Gershom

Kulesa, 19 Desemba 1956

Mwanangu,

Tusamehe. Mafuriko yalikata njia siku kumi. Barua hii jirani yetu Dhadho anaipeleka Garsen kwa mtumbwi. Sisi wazima juu ya maji.

Nilipomsomea mamako yaliyokupata alicheka hadi akasahau goti. Anasema: "Mwambie mwanangu kobe si ndizi. Amemvumbika!" Ndizi huivishwa kwa giza na joto la kufungiwa. Kobe joto lake hutoka juu, hulipokea mgongoni. Asubuhi husimama uwanjani akaota jua, ndipo aende kula. Adhuhuri huingia kichakani. Basi mpe uwanja na umpe kichaka, achague mwenyewe. Jua letu huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili. Usimkatie siku, wala usimnyime usiku. Na umkalishe katika maji ya uvuguvugu, anywe.

Kama yu hai bado.

Babako,
Philemon

Edinburgh, 10 Februari 1957

Baba yangu, mwalimu wangu,

Salamu zilizonyooka mgongo! Barua yako ilimkuta hai, kwa shida.

Nimetengeneza kasha refu. Upande mmoja nimetundika taa ya umeme yenye kofia ya bati, shibiri mbili juu ya gamba lake. Upande wa pili nimeezeka ubao, chini yake majani makavu na giza. Siku ya tisa alijikokota hadi chini ya taa, akanyoosha shingo, akatulia muda mrefu. Kisha akala kabichi, akaimaliza.

Huku jua huchelewa kama karani mvivu na huaga mapema kuliko yeye. Lakini saa kumi na mbili kamili kwangu hupambazuka, na tangu juma lililopita anayewasha taa ni Bi Florence mwenyewe. Juzi alisema: "Mwandikie baba yako kwamba tulikosea. Mwanangu nimekwisha kumwandikia." Wasomi wa nyumba hii wamefundishwa na mkulima wa Kulesa, nami nalitangaza hilo kila jukwaa.

Mwanao mwenye fahari,
Gershom

Kulesa, 12 Machi 1957

Mwanangu Gershom,

Tu wazima, maji yamepungua, tumepanda mpunga. Msalimu Bi Florence, na umwambie kwamba mamako amefurahi.

Bwana mpimaji aliniita kambini. Nikasimama nje ya hema kama siku zote. Akashika barua ya mama yake, akaniuliza habari za kobe. Nikamwambia, "Bwana, hayo ni maneno marefu." Nikaingia, nikavuta kiti, nikaketi, kofia kichwani. Alinitazama kidogo, kisha akachukua kalamu. Nilisema juu ya jua la asubuhi na kichaka cha adhuhuri, naye akaandika karatasi mbili, akaniomba nirudi Jumatatu nimweleze tabia za mto.

Niliporudi mamako akauliza kiti cha Mzungu kikoje. Nikamwambia ni kigumu, lakini nitakizoea.

Babako,
Philemon