Mbegu ya Bwana Haji

Jumatatu, 1 Novemba
Skuli, maktaba, nyumbani. Mgeni bado yupo. Siku ya tano sasa analala sebuleni kwetu hapa Edmonton, Uingereza. Bwana Haji. Anasema alifungwa pamoja na Baba huko Unguja baada ya mapinduzi, na kwamba Baba yu hai. Mama ameamini. Mimi siamini. Ushahidi wake ni mbegu moja tu: ya kahawia, bapa, inajaza kiganja changu, ngumu kama jiwe. Eti Baba ndiye aliyempa.

Jumanne, 2 Novemba
Nimeipata kitabuni. Ni ya mti wa kutambaa, unaopanda miti mingine mpaka juu kabisa. Ganda lake moja linakaribia urefu wangu. Mbegu huangukia mtoni, zikaelea baharini miezi na miezi. Nyingine hufika hata fukwe za Uingereza.
Basi yeyote angeweza kuiokota. Hata huku huku.

Alhamisi, 4 Novemba
Sasa anataka anwani ya Ami Suleiman, ndugu yake Baba, aliyetoroka. Ana ujumbe, anasema. Ujumbe gani? Mama atampa Jumapili. Mke wa Ami bado yuko Unguja. Ikiwa huyu ni mpelelezi wa serikali ya huko, atakayeumia ni yule mama.
Nimekitoa kitabu cha anwani kwenye droo. Kimo ndani ya atlasi yangu. Naona haya. Sijutii.

Jumamosi, 6 Novemba
Nimemtega. Kumbukumbu yangu ya Baba ni moja: amekaa kitako, anashona kofia, kisha anaisugua kwa mbegu kama hii ili nyuzi zilale. Nikamuuliza mgeni Baba alikuwa akiifanyia nini mbegu yake.
"Kukandia goti. Anaipasha moto, anajikanda. Si lile goti lake aliloumia mpirani?" Akacheka. "Mbona unanihoji kama askari, msomi?"
Mwongo mkubwa.

Jumapili, 7 Novemba
Nilimfuata Mama jikoni, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Akaweka kisu chini.
"Kofia? Baba yako hata kifungo hajui kushona. Huyo ni Mzee Faki, jirani. Ulikuwa hubanduki kwake."
"Na goti?"
"Goti nimelikanda mimi mwenyewe, mwanangu. Miaka."
Nilimrudishia kitabu cha anwani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Miaka saba nimekuwa nikimlilia Mzee Faki.

Jumatano, 10 Novemba
Mvua. Mama yuko kazini. Ujumbe kwa Ami Suleiman ulitumwa jana.
Nilimpelekea Bwana Haji chai, nikakaa. Nikamwomba anieleze Baba yukoje. Akaniuliza aanzie wapi.
Nikamwambia aanzie usoni.